Maswali na Majibu: Mwislamu na Vitabu Vilivyotangulia Qur'ani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Taurati, Zaburi na Injili, na kwa namna zilivyoandikwa inaonekana waandishi wake walikuwa wametoka mhadharani jioni hiyohiyo.

Je, Injili tunayoamrishwa kuiamini ndiyo hii ya Mathayo, Marko, Luka na Yohana? (Msomaji, Tanga)

Siyo kwa ukamilifu wake. Injili inayotajwa katika Qur'ani ni wahyi aliopewa Nabii Isa, amani iwe juu yake, wenye uwongofu na nuru (Al-Maida, 5:46), ilhali vitabu hivyo vinne ni habari za maisha na mafundisho yake zilizoandikwa baada yake. Luka anafungua kitabu chake kwa kumweleza Theofilo kwamba ameyachunguza mambo tangu mwanzo ndipo akayaandika kwa taratibu. Kwa hiyo mhadhiri anayemkaripia Mkristo kwamba Yesu hakuiandika Injili kwa mkono wake anavunja dai ambalo Mkristo huyo hajalitoa. Linalotulazimu ni kuamini kwamba wahyi ule uliteremshwa.

Biblia ilibadilishwa lini, na nani aliyeibadilisha? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili huletwa karibu kila mwezi, na muulizaji hutaka jina na tarehe. Qur'ani haikutaja tarehe. Imewalaumu wanaoandika kitabu kwa mikono yao kisha wakasema kimetoka kwa Mwenyezi Mungu (Al-Baqara, 2:79), na wanaoyaondoa maneno mahali pake (An-Nisaa, 4:46), lakini pia imeuliza vipi Mayahudi wa Madina wamfanye Mtume hakimu na hali wanayo Taurati yenye hukumu ya Mwenyezi Mungu (Al-Maida, 5:43). Kwa sababu hiyo wanazuoni wametofautiana. Ibn Hazm wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1064, alishikilia kwamba maandishi yenyewe yameharibiwa. Mwishoni mwa Sahihi ya al-Bukhari yamo maneno kwamba hakuna awezaye kuondoa tamko la kitabu cha Mwenyezi Mungu, bali watu hukifasiri kinyume cha maana yake. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, alikuwa katikati yao: baadhi ya matamko yamebadilishwa, na mengi yamebaki.

Zingatieni pia kisa alichokipokea al-Bukhari, cha msomaji wa Taurati aliyeufunika mstari wa hukumu ya kupiga mawe kwa kiganja chake, mpaka Abdallah bin Salam alipomwambia ainue mkono wake. Mstari ulikuwapo, ila ulifichwa. Na atakayekutajieni Baraza la Nikea la mwaka 325 kuwa ndilo lililochagua na kuchoma vitabu, mwombeni ushahidi wake, kwa kuwa baraza lile lilikutana kwa ajili ya mafundisho ya Ario, kasisi aliyekana uungu kamili wa Yesu, na tarehe ya Pasaka.

Je, Zaburi ya Nabii Daudi imenukuliwa popote katika Qur'ani? (Msomaji, Unguja)

Ndiyo, katika Al-Anbiyaa, 21:105, kwamba ardhi watairithi waja walio wema. Linganisha na Zaburi 37:29.

Sheikh, kwa nini hamtufundishi Injili ya Barnaba, ambayo ndiyo ya kweli? (Wasomaji kadhaa)

Kwa sababu si ya kweli, na nimechoka kuletewa kurasa zake kwenye simu. Nakala yake ya Kiitaliano iliyoko Vienna inakadiriwa na wataalamu kuwa ya mwishoni mwa karne ya 16. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1907, na mwaka uliofuata Rashid Rida akaichapisha kwa Kiarabu mjini Kairo, ndipo ikaenea miongoni mwetu. Ndani yake Isa anasafiri kwa mashua hadi Nazareti, mji ulioko milimani, na mwaka wa yubile, yaani mwaka mtakatifu wa maachilio, unatajwa kuwa kila baada ya miaka 100, ilhali Taurati inasema ni mwaka wa 50, na ni Papa Bonifasi wa Nane aliyeweka hiyo ya miaka 100 mnamo mwaka 1300. Zaidi ya hayo, kitabu hicho kinamfanya Isa akane kuwa yeye ndiye Masihi, wakati Qur'ani imemwita kwa jina hilo waziwazi (Aal Imran, 3:45). Basi mnatetea dini kwa kitabu kinachoikadhibisha Qur'ani, na wala hamkukisoma.

Je, naruhusiwa kusoma Biblia? Nataka kuwa mhadhiri wa mlingano wa dini. (Msomaji, Morogoro)

Kwa mwenye elimu inajuzu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu kusimulia habari za Wana wa Israili, na pia akaweka mpaka: msiwasadiki Watu wa Kitabu wala msiwakadhibishe, bali semeni tumemwamini Mwenyezi Mungu na yaliyoteremshwa kwetu na yaliyoteremshwa kwenu. Hadithi zote mbili zimo kwa al-Bukhari. Yanayoafikiana na Qur'ani tunayakubali, yanayopingana nayo tunayaacha, na yasiyo haya wala yale tunayanyamazia. Huko kunyamaza ndiko kunakowashinda wahadhiri wetu. Utamkuta kijana amehifadhi Yohana 14:16 (ahadi ya Msaidizi) na Kumbukumbu la Torati 18:18 (nabii mfano wa Musa) ili athibitishe utume wa Muhammad, na baada ya dakika tano anatangaza kwamba Biblia nzima ni uzushi, huku Sura ya Al-Maida hajaimaliza hata kwa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Ianze hiyo, kisha uniandikie tena.

Mwanangu alipewa Agano Jipya shuleni. Je, nilichome? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume alipoletewa Taurati aliutoa mto aliokuwa ameukalia, akaiweka juu yake. Mwambie mwanao akirudishe kitabu kwa aliyempa, kikiwa safi.