HMS Audacity: ndege zililala wapi bila hanga?

Umeuliza Audacity, meli ya Waingereza ya kubeba ndege kwenye Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa inaweka wapi ndege zake kama haikuwa na hanga (banda la ndege), jibu ni nje, hapohapo juu ya sitaha, mvua na maji ya chumvi vyote vinazipiga, na mafundi walizitengeneza usiku kwa mwanga wa tochi, bahari ya Atlantiki ile! Hao ndo watu ninaowaheshimu sana kwenye hii stori.

Ujue ile ilikuwa meli ya mizigo ya Wajerumani, Hannover, ikatekwa Machi 1940 huko Karibi, Waingereza wakafyeka sehemu ya juu wakaweka sitaha ya kurukia ndege ya karibu mita 140, ikaingia kazini 1941. Kujenga hanga kungekula muda na muda ndo hawakuwa nao, maana ndege za Wajerumani aina ya Condor zilikuwa zinaitafuta misafara ya meli za mizigo halafu zinaziita nyambizi zao kwa redio.

Ilibeba ndege za kivita aina ya Martlet chache tu, sita hadi nane hivi, lakini kwenye msafara wa HG 76 toka Gibraltar, Desemba 1941, ziliangusha Condor na kusaidia kuiwinda nyambizi ya Wajerumani U-131 hadi ikazama. Usiku wa tarehe 21 Audacity ikajitenga na msafara, meli moja ya mizigo ikarusha roketi za mwanga, nyambizi U-751 ikaiona Audacity waziwazi. Torpedo ya kwanza chumba cha injini, zikafuata nyingine mbili. Walikufa watu 73. Rubani Eric Brown alipona, na baadaye akafikisha rekodi ya kutua melini mara 2,407.