Muulize usiku huu, kwa neno lenyewe

Dada, usimsikilize hata mmoja anayekuambia "usimtajie kujiua, utamtia wazo kichwani."

Ulichoandika nimekisoma mara mbili. Mdogo wako ana miaka 17, matokeo ya kidato cha nne yametoka amepata ziro, tangu hapo halali, amewaambia "mtapumzika na mimi hivi karibuni," na juzi ghafla katulia. Unauliza arudie mtihani au aende ufundi, hospitali ni shilingi ngapi, na umgusie hilo jambo la kujiua au unyamaze. Hilo la mwisho ndilo la kwanza, maana hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Kwetu alikuwa mdogo wangu wa kiume, naye kidato cha nne, miaka 7 iliyopita. Dalili niliziona. Aliacha kula na sisi. Akawa anafua nguo zake zote, hata zilizo safi, anazikunja na kuzipanga kama za mtu anayesafiri. Jioni moja akampa mtoto wa jirani njumu zake, zile alizoniomba mwaka mzima mpaka nikamnunulia. Yule mtoto alizivaa hapohapo, zinampwaya, akawa anakimbia nazo barazani zinagonga sakafu ko-ko-ko, na mdogo wangu ameegemea nguzo anatabasamu. Nikasema moyoni, afadhali, sasa yamekwisha. Nikampigia mama simu kumwambia kijana amepona.

Kumbe alitulia kwa sababu alishaamua. Siku ya nne tulikuwa hospitali.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimeomba msaada! Nilimwendea mtu anayeheshimika, mwenye dhamana ya ushauri nasaha shuleni kwake, nikamuuliza hivi hivi unavyouliza wewe. Akanijibu amesimama mlangoni, funguo mkononi, haraka zake: "Wanaosema hawafanyi. Anataka kuonewa huruma tu. Ukilitaja hilo neno ndiyo utamfundisha." Wiki 3 nilitembea na jibu lile nikiliona ni hekima. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Angesema "sijui, nenda hospitali" ningemshukuru hadi kesho. Aliniziba mdomo kwa jambo asilolijua. Na hapa juu naona watatu wameshakuandikia yaleyale, mmoja anasema kijana "anatafuta kiki." Ndugu yangu, rudi ukafute.

Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza hilo, na Shirika la Afya Duniani linalitaja wazi kuwa ni imani potofu. Mwenye wazo analo tayari, na linamlemea kwa sababu yuko nalo peke yake. Mdogo wangu aliniambia mwenyewe baadaye kwamba jioni ile ya njumu hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa ananitazama mimi, aone kama nitamuuliza kwa nini anazitoa.

Sasa namna ya kuuliza, maana hata hapa watu hukwepa. Usiseme "huna mawazo mabaya lakini, eti?" Hapo umeshamwambia ajibu hapana. Usianze na mama atajisikiaje. Kaeni wawili, simu weka mbali, mwambie: "Naona hulali, na nilisikia ulichosema. Unafikiria kujiua?" Neno lenyewe hilo. Kisha nyamaza. Atakaa kimya muda mrefu, vumilia, usijaze maneno. Akikataa, mwambie umesikia, na kesho muulize tena. Akikubali, usimhubirie, usimwambie kuna wenye shida kuliko yeye, usimwahidi kuificha siri hiyo. Muulize kama ameshapanga namna na siku. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata dakika unayokwenda dukani. Mmoja akae naye, mwingine akusanye dawa zote, za nyumbani na za shambani, azitoe kabisa pale nyumbani na kuzifungia. Ile hali kali huja kama wimbi, mara nyingi hupungua baada ya muda. Kazi yenu ni kumvusha.

Kama amepanga, hospitali ni usiku huohuo, iliyo karibu. Na mseme kweli. Sisi tulidanganya. Baba aliogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya hapa Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa (kwa jirani zetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba). Tukamwambia daktari ilikuwa ajali. Basi akatibiwa mwili, akaruhusiwa, tukarudi naye nyumbani na mzigo uleule, na miezi miwili ikapita kabla hajakaa na daktari wa akili. Tulibahatika tu kwamba aliimaliza hiyo miezi akiwa hai. Wewe hujafika huko. Kuwaza si kosa, hakuna polisi wa kuogopa, kwa hiyo ukifika mapokezi sema neno lilelile ulilomuuliza kijana. Pia kuna 116, simu ya watoto, ni bure, na kwa miaka 17 bado inamhusu. Hata wewe unaweza kuipiga ukaelekezwa.

Wangu yupo. Alimeza dawa miezi kadhaa, alikwenda kliniki mpaka akazoeana na manesi, leo ni fundi friji na bado ana siku zake mbaya. Siku hizo namuuliza vilevile, kwa neno lilelile, naye hunijibu bila kukasirika.

Umeandika kwamba sasa hivi yuko chumbani kwake na taa inawaka. Weka simu, nenda ukagonge.