Gesi ya klimatizeri hailiwi: tafuta inakotorokea

Ukimpelekea fundi gari lisilopoza, neno la kwanza utakalosikia ni hili: “Papa, gesi imeisha, tuongeze tu.” Usikubali upesi. Gesi ya klimatizeri, yaani kiyoyozi cha gari, si kama mafuta ya tangi. Haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua, kuna mahali imetorokea. Ukiongeza bila kuziba, umenunua baridi ya muda mfupi, halafu mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likishapamba moto, utarudi garaji kulipa tena.

Mimi naendesha Toyota Celica ya 1991, ile yenye taa zinazochomoza kwenye boneti. Magari ya spoti ya umri huo yana maradhi yake. Pua iko chini, kwa hiyo kondensa, ile rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi, inapigwa na kokoto zinazorushwa na malori ya madini. Injini imebanwa, joto linakausha mipira na oringi, yaani pete za mpira za kwenye viungo. Tena wengi wetu tunayatoa siku ya Jumapili tu, na gari likikaa, sili ya mhimili wa kompresa, pampu inayosukuma gesi, inakauka kwa kukosa mafuta na kuanza kupitisha gesi.

Kabla ya kugusa gesi, washa injini, bonyeza klimatizeri, uangalie mbele ya kompresa. Klachi yake ikikataa kushika, anza na fyuzi, rilei na waya. Kuna pia swichi ya presha inayozima kompresa gesi ikipungua mno. Fundi akitaka kuiunganisha kwa kipande cha waya “ili tuone”, mwambie aache: mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi, na bila gesi kompresa inasagika yenyewe kwa yenyewe.

Kutafuta tundu ndiko kazi yenyewe, na hapo ndipo ninapomlipa fundi bila kunung’unika. Vumbi letu jekundu linasaidia. Gesi ikitoka inatoka na mafuta kidogo, vumbi linanata hapo, na kwenye kiungo unaona doa la tope jeusi lenye unyevu. Kwa hiyo usioshe injini kabla ya kuchungulia. Baada ya hapo weka naitrojeni kavu kwa presha, upake povu la sabuni kila kiungo na uso wote wa kondensa. Oksijeni ya mchomeleaji isiingie humo kamwe. Ikikutana na mafuta chini ya presha inaweza kulipuka.

Sasa suala la aina ya gesi. Magari ya kabla ya miaka ya 1992 hadi 1994 yalitoka kiwandani na R12, ambayo inaharibu tabaka la ozoni na ilianza kubanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Leo unahamia R134a. Kuhama huko si kubadilisha chupa tu. Mafuta ya zamani ya madini hayachanganyiki vizuri na R134a, kwa hiyo yamwagwe, yawekwe ya esta. Oringi zote zibadilishwe, mara nyingi mpya ni za kijani, pamoja na kopo la kukaushia unyevu, ambalo hubadilishwa kila mfumo ukifunguliwa. Fundi akikwambia kopo la zamani bado zima, tafuta mwingine. Kiasi cha gesi kiwe karibu asilimia 80 hadi 85 ya kilichoandikwa kwa R12. Ukijaza zaidi, presha inapanda na baridi inapungua. Na kwa kuwa kondensa ya zamani inalemewa gari likisimama, feni ya umeme mbele yake itakuokoa kwenye foleni za karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi.

Halafu pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Vitabu vinasema sindano ya manometa, kipimo cha presha, ifike karibu inchi 30 za zebaki chini ya sifuri. Hapa kwetu haitafika, hata pampu iwe mpya. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwisho wake ni kama inchi 26. Nimesikia watu wakigombana na mafundi kwa ajili ya hizo inchi nne. Unachopaswa kudai ni pampu ifanye kazi angalau nusu saa, izimwe, na sindano isirudi nyuma.

Chupa ya gesi nayo ipimwe. Ilale ndani ya nyumba usiku kucha. Chumba kikiwa digrii 25, R134a itaonyesha karibu bar 5.8 kwenye manometa. Ukiona zaidi ya 9, huenda umeuziwa R22 ya klimatizeri za nyumba. Mchanganyiko wa ujanja unaweza kupita kipimo hiki, lakini ulaghai wa kizembe unakamatwa. Si mzaha: mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua watu baada ya kujazwa R134a bandia yenye kloridi ya methili, ambayo inashambulia aluminiamu. Na gesi ya kupikia, ambayo wengine wanaisifu kwa baridi yake, inawaka. Mimi siketi nayo nyuma ya dashibodi.

Likishapona, liwashe dakika kumi kila wiki, hata mwezi wa sita ukiwa umevaa koti, ili sili ipate mafuta. Jakaranda zikichanua, toa maua chini ya kioo cha mbele kabla mvua hazijaanza. Yakioza huko yanaweza kuziba njia za maji. Zulia la abiria likilowa bila mvua, chungulia kwanza bomba dogo la kutolea maji ya evaporeta, ile rejeta ya ndani inayopoza hewa. Mara nyingi kipande cha waya laini kinatosha kulizibua.