Kwenda Sauti za Busara ukitokea Moshi

Ndugu yangu, umeuliza kama Alhamisi hadi Jumatatu zinatosha kwenda Unguja wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, mwezi Februari. Zinatosha, mradi upande basi la alfajiri, ulale Dar es Salaam, kisha kesho yake uwahi boti ya kwanza ukiwa na kitambulisho, kwa kuwa kuvuka bahari huchukua takriban saa mbili. Chumba cha Mji Mkongwe kiwekee nafasi mapema. Nakusihi usikose maandamano ya ufunguzi: mimi nilisimama juu ya baraza ya nyumba, kwenye kichochoro chembamba, tarumbeta za beni, yaani bendi ya matarumbeta na ngoma, zikapita karibu mno hata mdundo nikausikia kifuani. Usiku muziki huwa Ngome Kongwe, ngome ya zamani ya Mji Mkongwe, ndani ya kuta za mawe.