Kumsaidia mfanyakazi aliyekata tamaa

Dada yangu, umeeleza kwamba mmoja wa vijana unaowasimamia katika duka la vitenge Kariakoo amekata tamaa tangu mauzo yapungue, na unauliza kama inatosha kumhimiza awaze mema.

Haitoshi. Saikolojia chanya, ambayo Martin Seligman aliipa msukumo mwaka 1998 alipokuwa rais wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, haimtaki mtu ajifanye hana shida, bali inachunguza kinachomwezesha kustawi: uwezo alio nao, mahusiano yake na maana anayoiona katika kazi. Kumwambia atabasamu ilhali kodi ya chumba imemkaba ni kumwongezea mzigo (na wateja wa Kariakoo hulitambua upesi tabasamu la kulazimishwa).

Ningeanza na mazungumzo ya faragha, duka likishafungwa, nikifuata hatua zilizoenezwa na John Whitmore, Mwingereza aliyefundisha viongozi kuwasaidia wafanyakazi kwa maswali: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na utayari wa kutenda. Muulize, "Mteja gani wiki hii aliondoka ameridhika, na wewe ulifanya nini?" Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka, kwa sababu jibu atakalolipata mwenyewe atalishika kuliko agizo lako. Kuandika kila usiku mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu zake, zoezi ambalo Seligman na wenzake walilijaribu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, nalo linafaa, mradi usidai kulisoma daftari lake.

Hata hivyo, akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, au akigusia kujidhuru, achana na maswali hayo umsindikize hospitali, kwa mfano Muhimbili, akaonane na daktari wa afya ya akili.