Kwa nini kiumbe wa seli moja ana DNA nyingi kuliko kereng'ende?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma biolojia kidato cha sita. Nimesoma kwamba Lingulodinium polyedra, dinoflajelati wa baharini mwenye seli moja, ana DNA nyingi zaidi ya mara mia kuliko kereng'ende Pantala flavescens. Kereng'ende ana mabawa manne, ubongo na macho makubwa. Inawezekanaje?

Jibu: Marahaba. Ulichosoma ni kweli. Kereng'ende huyo, yule wa manjano anayevuka Bahari ya Hindi, ana jozi za besi, yaani zile "herufi" zinazounda DNA, zisizofika bilioni 1. Binadamu tuna kama bilioni 3. Lingulodinium anakadiriwa kuwa na karibu bilioni 200.

Wengi hudhani kiumbe mwenye mwili tata lazima awe na DNA nyingi. Sivyo. Jeni zile zile zinazomtengeneza lava, yaani kereng'ende mchanga, anayeishi dimbwini na kupumua kwa matamvua ndizo zinazomtengeneza mdudu arukaye. Kinachobadilika ni jeni ipi inawashwa, katika seli ipi, wakati gani.

Dinoflajelati ana mambo yake, na hapa ndipo ninapopapenda mno. Jeni zake nyingi zina nakala tele, zimepangwa moja baada ya nyingine. Mara nyingine RNA, ile nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, ikishanakiliwa hugeuzwa tena kuwa DNA na kurudishwa kwenye kromosomu, basi rundo linazidi kukua. Kromosomu zenyewe hubaki zimekazwa muda wote, hata seli isipogawanyika, na DNA haikuviringishwa kwenye protini ziitwazo histoni kama ya kereng'ende au yako.

Udhibiti nao ni tofauti. Lingulodinium hung'aa usiku maji yakitikiswa. Protini inayoshika lusiferini, kemikali ya mwanga huo, huongezeka usiku na kupungua mchana, ilhali kiasi cha RNA yake hakibadiliki. Seli haihangaiki kuwasha na kuzima jeni hiyo. Inaamua tu lini RNA isomwe.

Na usije ukasema ni tabia ya ukoo mzima. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ni jamaa wa karibu wa dinoflajelati kuliko mnyama yeyote. Ana jozi za besi milioni 23 tu, na jeni zipatazo 5,300 zinamtosha kuishi ndani ya mbu na ndani ya damu yetu.