Kiatu kikirudi, nani analipa boda?

Wewe unayeanza kuuza viatu kwa simu hapa Kisumu, nikuulize: mteja wa Kondele akiagiza namba 40 na kikambana kidole, nani atalipa boda ya kukirudisha?

Mimi nilianza bila kujiuliza. Jumapili nadamkia soko la Kibuye kuwahi kamera, yaani viatu vya mitumba vinavyochaguliwa bale likifunguliwa tu. Naosha, napiga picha, naweka kwenye status. Kodi ya duka silipi, basi nikajiona mjanja. Kiatu cha 800 kiliniachia 250. Boda ya kwenda 100. Kikikataliwa, ya kurudi 100. Nakumbuka dada mmoja alikivaa, akapiga hatua tatu vumbini, akasema kwenye picha kilikuwa cheusi, hiki ni kahawia. Faida ya jozi nyingine ikaenda hivyo, na soli nikaisugua upya.

Si sisi wadogo tu. Duka la mtandaoni la Jumia lilifunga biashara yake Tanzania mwaka 2019. Copia, waliokuwa wakipeleka bidhaa mashambani kupitia maajenti wenye vioski, waliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Hata Amazon, baba wa maduka ya mtandaoni, ilinunua maduka ya vyakula ya Whole Foods mwaka 2017. (Ilifungua ya vitabu pia, ikayafunga, kwa hiyo usikimbilie kukodi chumba mjini.)

Duka la mtandaoni pekee naliona likidumu kwa vitu visivyojaribiwa: kava za simu, vitabu, mafuta ya nywele ambayo mteja ameshayazoea. Kiatu kinataka mguu.

Sasa nampa fundi cherehani mmoja karibu na stejini 1,500 kwa mwezi, ananiachia rafu mbili. Mteja huchagua kwenye simu, anakuja kujaribu, analipa kwa simu kwenye namba ya till niliyobandika ukutani. Asiyekitaka anakiacha palepale. Wa Siaya na Busia hulipa kwanza, nami nawatumia picha ya kifurushi, namba ya gari na simu ya dereva kabla matatu haijaondoka. Na kila kiatu nakipiga picha nje, kivulini, rula ikiwa kando ya soli. Namba zilizoandikwa ndani ya mitumba hudanganya.

Fundi naye ameanza kuuza kamba za viatu chini ya rafu yangu. Wanaokuja kujaribu hununua, na wengine humwachia suruali za kupunguzwa. Mwezi uliopita hakunikumbusha kodi.